Sindano ya Desturi

Kila mtoto aliyetoka nchi nyingine alichomwa sindano ya kumtia desturi za kwao, pale pale uwanja wa ndege, ili asiwe mgeni. Shomari, aliyezaliwa Norwei, alichomwa asubuhi. Mchana alikuwa mkekani Tanga, akimtania bibi yake, mama wa mama yake, aliyekutana naye mara ya kwanza siku hiyo hiyo.

“Mke wangu, wali huu umeupika au umeuadhibu?”

“Mume gani huyu asiye na adabu!” Bi Mwanahamisi alicheka hadi machozi yakamtoka.

Binti yake Mwantumu, mama wa mtoto, hakucheka. Alimnyooshea Shomari kidole cha mwisho, akangoja. Kule ugenini, walikoishi wawili tu, mtoto alikishika kwa chake kabla ya kila mlo. Mchezo huo waliubuni wenyewe.

Shomari alikitazama kwa heshima. “Mama, kidole kinakuuma?”

Mwantumu aliurudisha mkono. “Wamemfuta, mama,” alinong'ona.

“Atatulia tu, mwanangu. Wewe nawe tuliporudi kutoka Maskati, ukachomwa, nilikuimbia wimbo wetu wa kulalia ukanitazama hivyo hivyo.”

“Wimbo gani?”

Bi Mwanahamisi aliinama, akaendelea kumpakulia mjukuu wake.