Dada wa Benchini

"Usitikisike, mama. Ukitikisika tunaanza upya."

Fundi cherehani hakutikisika. Angetikisikaje, naye amelazwa kifudifudi kama nguo ya kupigwa pasi, mto chini ya tumbo, gauni la hospitali limefunguka nyuma kuanzia shingoni hadi pasipotajwa? Macho yake yalikuwa kwenye pindo la shuka, lililoshonwa ovyo. Miaka thelathini ya kuinamia cherehani ndiyo iliyouharibu mgongo wake, na bado hakuwahi kushona upuuzi kama ule.

Akapakwa dawa ya baridi. Ikaja sindano ya ganzi, kisha ile yenyewe. Aliisikia ikisukuma taratibu kati ya mifupa, mpaka moto ukamshuka mguu wa kushoto na kutokea kidole gumba.

"Imefika?" daktari akauliza.

"Imefika na imepita, mwanangu."

Hii ilikuwa ya tatu. Ya kwanza ilimpa wiki sita za kulala kama mtoto mchanga. Ya pili, siku kumi na mbili. Hii aliisubiri miezi minne, na asubuhi nusura aikose. Sheria yao ni moja: asiye na mtu wa kumrudisha nyumbani hachomwi, anapelekwa mwisho wa orodha. Mwanawe yuko safarini kikazi. Na mdogo wake hawasemezani tangu msiba wa mama yao. Jirani aliyeahidi kuja hakupokea simu.

Ndipo alipomwona mwanamke wa sweta la kijani, amesimama ameegemea ukuta, na benchi li tupu. Fundi akampima kwa macho, kwa mazoea tu. Bega moja lilikuwa chini ya lenzake. Nguo ya mtu kama huyo inakatwa kwa akili.

"Samahani, dada. Unaweza kuwa ndugu yangu mpaka jioni?"

Yule mwanamke akacheka kidogo kidogo, kama mwenye mshono tumboni. "Kwa baba au kwa mama?"

"Kwa mama. Kwa baba kuna maneno."

"Haya. Lakini na mimi nikikwama, usinikane."

"Nikukane vipi, damu yangu?"

Muuguzi wa dirisha la chumba cha kwanza akawatazama, wamefanana kama kijiko na ufagio. Akaandika. Fundi akaitwa ndani.

Sasa wakamsukuma na kitanda chake hadi chumba cha mapumziko. Miguu aliiona, imejaa chini ya shuka, lakini ilikuwa kama ya mgeni. Akakiamuru kidole gumba kijikunje. Kikamtazama.

"Ni ganzi tu hiyo," muuguzi akasema. "Itaisha, lakini leo hutembei bila kushikwa. Na saa kumi tunafunga. Dada yako yuko wapi?"

"Benchini."

Muuguzi akaenda, akarudi. "Benchini hakuna mtu, mama."

"Atakuwa chooni."

Ikapiga saa nane. Ikapiga saa tisa. Vitanda vya jirani vikaondoka kimoja kimoja, kila mgonjwa na mtu wake wa kumshika kwapa. Fundi alitaka kujisaidia, kisha akashindwa kujua kama kweli anataka. Hata jina la kuita hakuwa nalo. Asubuhi hakuuliza, nani anamuuliza dada yake jina?

"Tukikosa wa kukuchukua, nitalazimika kuandika kwenye faili," muuguzi akasema, sauti imeshuka. "Wakijua ulitudanganya, sindano ya nne usahau."

"Nimedanganya nini? Yule ni dada yangu."

"Anaitwa nani?"

Fundi akageuzia uso ukutani. Shingo angalau ilikuwa bado inamtii. Amenikimbia, akawaza. Undugu wenyewe haujamaliza hata siku.

Saa kumi kasorobo muuguzi akaingia tena, safari hii mbiombio.

"Dada yako amepatikana!"

"Nilikwambia mimi! Mwambie aje basi anishike, twende zetu."

"Yuko chumba cha pili, wamemaliza kumchoma sasa hivi. Miguu haimsikii kabisa. Anauliza utampitia saa ngapi umpeleke nyumbani."