Gari la Wenye Kesi

Kila Jumatatu gari la ruzuku ya serikali, lisilo na dereva, hufika kijijini kumchukua mwenye kesi kwenda mahakama ya mjini, pamoja na mgonjwa mmoja wa nyumbani kwake. Kesi ya mume wa Sikujua imekwisha, na mama mkwe bado anasafishwa figo mjini. Sikujua akaenda kwa jirani yao, Mzee Mbilinyi.

“Shikamoo, baba. Safari hii ni zamu yangu. Nimekuja kuiba kuku, ili unishtaki.”

“Marahaba, mwanangu. Wezi wa kuku hawabebwi tena. Tangu mwezi huu ni waliojeruhi tu.”

Sikujua akakaa kizingitini.

Mzee aliingia ndani, akatoka na panga na kitambaa safi. Akampa Sikujua panga, akakunja mkono wa shati.

“Mkono wa kushoto,” alisema. “Wa kulia nashikia jembe.”