Springi za Shomari

Fundi Chande aliweka spana chini. "Shemeji, bolti za kunyooshea magurudumu zimefika mwisho. Springi hizi ndefu zimeinua gari mno, magurudumu yamelala upande. Hayanyooki mpaka nirudishe zile za kiwandani."

"Marehemu Shomari alizifunga mwenyewe alipoanza kuugua," Bi Zuhra, mjane wake, akasema. "Nisikwame mashimoni nikimpeleka hospitali."

"Najua. Lakini hebu pitisha mkono hapa."

Bi Zuhra akapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi la kushoto. Mpira ulikuwa umelika wote, nyaya za ndani ya tairi zikamchoma. Hakuutoa mkono haraka.

"Springi ziache," akasema.

Chande akashusha jeki. Bi Zuhra akaondoka akiwa ameukata usukani kulia, ameushikilia kwa mikono miwili, ili gari lisivute kushoto. Kiti cha kando yake kilikuwa bado kimelazwa.