Soma, Kisha Ukajaribu Nyumbani

Kitabu cha sumu kilikuwa hakijarudi rafuni, na mwalimu alijua nani anacho.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa lake. Yeye ndiye aliyeanzisha shindano la kusoma darasani: chukua kitabu katika kila rafu, usome, kisha jambo moja ulilolisoma ukalijaribu nyumbani, uje utusimulie. Watoto walilipokea kwa mikono miwili. Mmoja alizibua sinki la jirani. Mwingine alimshonea bibi yake gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenziwe, darasa zima likavunjika mbavu. Hata wale waliokuwa wakiona kitabu wanapiga miayo, sasa walikuwa wakinyang'anyana.

Binti aliyekuwa nacho ndiye aliyekuwa akiongoza. Alisoma habari za nyota, akasoma kilimo, akasoma ushonaji. Halafu akafika rafu ya tiba, akachukua kile kitabu kinene cha sumu ambacho shule ilipewa na mfamasia mstaafu, akaganda hapo hapo.

"Mbona huendi mbele?" mwalimu alimuuliza wenzake walipotoka kwenda mapumziko. "Wenzako wanakupita hivi hivi."

"Sijamaliza kujaribu, Mwalimu."

"Unajaribu nini?"

Binti aliinamisha macho. "Siwezi kusema mpaka niwe na uhakika. Nikikosea nitakuwa nimemharibia mtu."

"Na mama anaendeleaje?"

"Bado yuko kitandani. Siku hizi chakula chake napika mimi. Sitaki mtu mwingine aguse sufuria yake."

Alilisema hilo bila kupepesa macho. Mwalimu alimwomba kitabu, na binti akakitoa shingo upande. Ukurasa mmoja tu ulikuwa umekunjwa pembe. Ulieleza dawa ya panya isiyo na harufu, na jinsi mtu anayelishwa kidogo kidogo anavyodhoofika hadi kila mtu adhani ni maradhi tu.

Hakungoja kengele ya mwisho. Darasa alimwachia mwalimu mwenzake, kitabu akakitia mkobani, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa binti yule. Njia nzima alikuwa akijilaumu. Nani alimtuma kuwaambia watoto wa watu wakajaribu?

Baba mtu alimfungulia mlango, akamkaribisha kiti. Alikuwa mtu mpole, wa kwanza kufika kila mkutano wa wazazi. Mwalimu aliweka kitabu mezani akamweleza yote. Si rahisi kumwambia mzazi neno kama hilo juu ya damu yake.

Baba aliusoma ukurasa ule taratibu, akafunga kitabu.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu. Nimeona tulimalize nyumbani kwanza."

"Umefanya la maana sana, Mwalimu. Mtoto niachie mimi."

Akaingia jikoni. Uji uliopikwa na binti asubuhi aliumwaga wote kwenye sinki, akabandika mwingine. Mwalimu aliketi akisikiliza mwiko ukigonga sufuria, na kwa mara ya kwanza tangu mapumziko akashusha pumzi. Mama wa watu ameponea chupuchupu, alijiambia. Baba alipotoka na bakuli, mwalimu alilipokea, akaomba amlishe mgonjwa yeye mwenyewe. Alitaka walau afanye jema moja kwa ajili ya mama ambaye shindano lake lilikuwa karibu limuue.

Mama alikuwa amekaa, mgongo umeegemea mito miwili, mifupa ya mabega ikionekana chini ya khanga. Alifurahi kupata mgeni. Alikunywa kijiko baada ya kijiko, na alipotaka kuacha mwalimu alimbembeleza kama mtoto: hiki kimoja tu, mama, na hiki cha mwisho. Bakuli likabaki jeupe.

"Asante, Mwalimu. Mungu amtunze huyu binti yangu," mama alisema, akijifuta midomo. "Baba yake kanipikia kwa mkono wake tangu nianze kuugua, wala sijamsikia akilalamika, lakini nikawa nazidi kuisha tu. Tangu mtoto ashike jiko, juzi nimesimama mwenyewe mpaka dirishani."