Kanda Pekee ya Somoe

Wallahi, hili silitii chumvi. Mwaka tisini na tano, Somoe wa Temeke, msichana wa kwanza kwetu kurapu, aliikuta kanda pekee ya albamu yake imezibwa kwa karatasi vile vitundu vinavyozuia kurekodi upya. Ndugu zake walikuwa wamefuta nyimbo zote kwa kurekodi wasia wa baba yake.

Matanga ya baba hayajaisha, akaiweka kwenye redio. "Mwanangu, usiache kuimba," sauti ya marehemu ikasema.

Nilipofika hapo katika kusimulia, kibaraza kizima kilikuwa kinafuta machozi.

"Shikamoo, mzee muongo!" Alikuwa Somoe mwenyewe, mtu mzima sasa, amesimama nyuma yangu. "Baba hakuwahi kusema neno. Alikohoa tu, pande zote mbili za kanda."

Kibarazani kwetu muongo huwanunulia wote kahawa. Nikalipa. Kikombe cha Somoe kikapoa mkononi mwake.