Ua la Mkunde

Zawena alikuta mfuko wa karatasi uliofunika ua la nyanya la Mkunde umefunguka. Kwa miaka minne yeye mwenyewe aliitafuta protini inayoshikamana na RNA, nakala ya maagizo ya jeni, protini ambayo bila yake chavua haikomai. Mkunde, mgeni wa juzi katika utafiti huu, ndiye aliyeipata. Aliiondoa kwenye mche huu. Ua lisipotunga tunda, amethibitisha kuwa ndiyo. Nyuki akiingia na chavua ya mche mwingine, kazi yote imeharibika.

“Dada, ua langu halijambo?” Mkunde aliuliza kutoka mlangoni mwa kitalu, akicheka. “Usilionee kijicho tu.”

“Halijambo, mdogo wangu,” Zawena alijibu.

Aliushika mdomo wa mfuko, uliokuwa bado wazi, kwa vidole viwili. Nyuki mmoja, miguu imejaa unga wa manjano, akatua juu ya kidole chake.