Picha ya Mbaruku

Ukumbini, watu wa mtaa walikuwa wamepanga picha za marehemu wao juu ya meza ndefu, kila picha na maua, mshumaa wa kumwombea marehemu, na chakula alichokipenda mwenyewe. Bi Sikudhani alipoona hata mwanawe, Mbaruku, amechorwa, alimwendea moja kwa moja Riziki, binti aliyezichora.

"Nani kakwambia mwanangu amekufa? Alikwenda machimboni, hajarudi. Basi."

"Nisamehe, mama. Naitoa sasa hivi."

Bi Sikudhani akaitazama ile picha. Alikuwa hajauona uso huo ukicheka kwa miaka mingi.

"Ngoja, binti. Usiitoe."

Akavuta kiti, akaketi mbele ya picha hiyo. Baadaye akainama, akauzima mshumaa uliokuwa ukiwaka chini ya picha. Maua akayaacha.